Nimejaribu vichwa vitatu vya fluti kwenye mwili mmoja wa mwanafunzi: wapulizaji njooni tujadili

#1 MpulizaPwani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Huu uzi nimewaahidi muda mrefu wale wa kwaya na wa bendi za shule wanaopuliza fluti. Leo nimepata nafasi. Mezani nimetandika khanga, juu yake kuna vichwa vitatu na mwili mmoja. Mwili ni Yamaha YFL-211, fluti ya mwanafunzi niliyoinunua mkononi mwa mtu hapa Dar miaka mingi iliyopita. Kichwa cha kwanza ndicho kilichokuja nayo, kimechovywa fedha. Cha pili ni fedha yenyewe, 925 (sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha), nilikipata kikiwa peke yake, fluti yake haijulikani iliko. Cha tatu ni cha rafiki yangu kaniazima. Nacho kimechovywa tu, ila tundu lake limechongwa kwa namna nyingine kabisa.

Kwa ambaye hajaishika fluti: ina vipande vitatu, kichwa, mwili na mguu. Kichwa ni lile bomba lisilo na vitufe ambalo unaliweka mdomoni. Sauti inazaliwa pale. Kuna bamba la mdomo, kuna tundu la kupulizia, kuna kijibomba kifupi kinachobeba bamba juu ya bomba (mimi nakiita shingo, kimo chake kama milimita 5 hivi), na ndani upande wa mwisho kuna kizibo kilichofungwa na kofia. Vitufe vyote vile vinavyong'aa kazi yao ni kuchagua noti.

Kitu kimoja ambacho jicho halikioni: mwili wa fluti umenyooka ndani, milimita 19 kuanzia juu hadi chini. Kichwa hakijanyooka. Kinabana polepole kuanzia pale kinapochomekwa, mpaka kwenye kizibo kinabaki kama 17. Mpangilio huo aliutoa Theobald Boehm, fundi wa fluti wa Munich, mwaka 1847, na fluti tunazopuliza leo zinaufuata bado. Kule kubana ndiko kunakoziweka oktava (noti ya jina moja, ya chini na ya juu yake) pamoja. Ndiyo maana ukibadilisha kichwa hubadilishi rangi ya sauti peke yake, unagusa na upatano wa noti kutoka chini hadi juu. Wengi wanaonunua kichwa kipya hili hawaambiwi.

Sasa mimi nilianzaje. Noti za chini, C na D, zilikuwa zinakatika. Juu, E na F shapu ya oktava ya tatu zinatoka moja kwa bahati, tatu zinagoma. Nikajiaminisha kwamba kichwa ndicho kibovu, nikaanza kukusanya hela ya kingine. Kabla sijanunua, mzee mmoja aliyewahi kupuliza bendini akaniuliza, "Umepima kizibo?" Sikuwa nimepima. Ile fimbo ya kusafishia fluti ina mstari umechongwa karibu na mwisho wake. Ukiiingiza kwenye kichwa mpaka iguse kizibo, mstari unatakiwa uonekane katikati ya tundu la kupulizia. Hiyo ni milimita 17 kutoka kizibo hadi katikati ya tundu. Wangu ulikuwa pembeni kabisa. Kizibo kilikuwa kimevutwa nyuma kama milimita 4 nzima, kwa sababu mtu alikuwa anazungusha kofia akidhani ndiyo inayopandisha na kushusha sauti.

Kofia ukiikaza inakivuta kizibo nyuma. Kizibo kikienda nyuma, noti za juu zinashuka kuliko za chini, oktava zinabana. Nililegeza kofia, nikakisukuma kizibo taratibu mpaka mstari ukakaa katikati. Lakini kilikuwa kimekauka na kusinyaa, kinateleza kama sabuni, kesho yake kimehama tena. Nikaziba mwisho wa kichwa kwa kiganja, nikaweka mdomo kwenye tundu na kunyonya: hewa ilikuwa inaingia kupitia kwenye kofia. Kizibo kipya kilipowekwa, nusu ya malalamiko yangu iliisha siku hiyo hiyo, na kichwa ni kile kile.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwenye uzi huu ni hilo. Kabla hujalinganisha kichwa na kichwa, hakikisha hicho ulichonacho ni kizima. La sivyo utalinganisha kichwa kipya na uvujaji.

Nitaendelea na vichwa vyenyewe. Karibuni.

#2 Alto_wa_Jumapili

Mkuu asante sana kwa uzi, nimeweka kiti mbele kabisa.

Mimi fluti yangu ni ya mtumba, maandishi yamefutika, sijui hata imetengenezwa wapi. Noti za chini zinanisumbua hivyo hivyo. Fimbo yangu ilikuja bila mstari. Je naweza kupima kwa rula? Na la pili, kila mtu ananiambia nitafute kichwa cha fedha tupu, eti sauti inakuwa na joto zaidi. Ni kweli?

#3 MpulizaPwani

Dada Alto, rula inatosha. Chukua kijiti kilichonyooka chenye ncha bapa, pima milimita 17 kutoka kwenye ncha, weka alama ya kalamu. Kiingize kwa upande mpana, ule unaochomekwa mwilini, usije ukaingiza kwa upande wa kofia. Alama ikikaa katikati ya tundu uko sawa.

Kuhusu fedha, nikueleze ninavyoamini na sababu yake.

Mwaka 1971 John Coltman, mwanafizikia Mmarekani, yule aliyebuni kifaa cha kung'arisha picha za eksirei, alichapisha jaribio lake kwenye jarida la wataalamu wa sauti la Marekani. Alitengeneza mabomba ya fluti yasiyo na vitufe, moja la fedha, moja la shaba, moja la mti, vipimo vya ndani vikiwa sawa. Vichwa vyote akavitengeneza kwa plastiki ya aina moja, vyenye tundu la namna moja. Wasikilizaji hawakuona yanapopulizwa. Na wapulizaji wenyewe aliwapangia ili wasijue wameshika lipi. Hakuna aliyeweza kutambua, si wa kusikiliza wala wa kupuliza.

Kinachobadilisha sauti ni umbo la pale pumzi inapogonga. Tundu la kawaida lina kama milimita 10 kwa 12. Likiwa kubwa kidogo sauti inafunguka na chini kunajaa, lakini midomo ifanye kazi ya ziada kuidhibiti. Likiwa dogo noti za juu zinakuja kirahisi, ila sauti inagota mapema. Shingo ikiwa ndefu unapata uzito na ukinzani, ikiwa fupi inajibu upesi na kung'aa. Kisha kuna kuta za hilo tundu, zinateremka kwa kupanuka kidogo, karibu nyuzi 7. Fundi akichonga kwa ndani chini ya shingo, noti za chini zinaitika haraka. Akilainisha ukingo kwa juu, unapata wepesi wa ulimi (kuanzisha noti kwa kugonga ulimi). Na ule ukingo wa mbele, unaopasua pumzi, ukiwa butu hakuna madini yatakayoukomboa.

Albert Cooper, fundi wa London aliyefariki 2011, jina lake limebaki kwa sababu ya kazi ya namna hiyo: kupanga upya nafasi za matundu ya mwili na kuchonga vichwa. Ni kazi ya sehemu ndogo za milimita.

Wewe tafuta tundu zuri. Likija na fedha, sawa.

#4 Sauti_ya_Mto

Hamjambo ndugu zangu, nawasoma kutoka Nairobi.

MpulizaPwani nakubaliana nawe kuhusu jaribio, lakini usimkatize tamaa dadaetu. Kwa duka la kawaida, vichwa vya fedha mara nyingi ndivyo vimechongwa tundu vizuri zaidi. Sababu haiko kwa madini. Kiwanda kikishatumia fedha kwa kichwa, kinampa fundi muda wa kuumalizia ukingo kwa mkono. Kile cha fluti ya bei nafuu kinatoka vivyo hivyo kwa mashine. Kwa hivyo mtu akichukua fedha anaweza kupata sauti bora na asijue ni kwa nini.

Nilifundisha wanafunzi kadhaa wakijitayarisha kwa mitihani ya muziki ya ABRSM, ile bodi ya Uingereza. Mwenye fluti ya mwili wa kawaida na kichwa cha fedha, kama zile YFL-311, alikuwa na nafasi pana ya kucheza na sauti kuliko mwenye ile ya chini kabisa. Lakini nimeona pia mtoto akipewa kichwa chenye ukinzani mwingi kabla midomo yake haijakomaa, akarudi nyuma miezi. Kichwa cha mwanafunzi kimechongwa kimsaidie anayeanza. Hiyo nayo ni sifa.

#5 MpulizaPwani

Mkuu hapo kwa muda wa fundi umenigusa, nakubali bila ubishi. Na hilo la mtoto kurudi nyuma watu walisome mara mbili.

#6 FundiPedi

Wakuu, mimi ni fundi wa vyombo vya kupuliza, kazi yangu kubwa ni pedi (vile vifuniko laini chini ya vitufe) na springi za vyombo vya shule. Naomba niseme juu ya kukichomeka kichwa, maana hapo ndipo naletewa maiti.

Ile ncha ya kichwa inayoingia kwenye soketi ya mwili haina kipimo kimoja duniani. Kila mtengenezaji ana chake. Tofauti ni ndogo, sehemu ya kumi ya milimita hivi, lakini sehemu ya kumi ndiyo inayoamua kama kitakataa kuingia au kitacheza kama jino bovu. Usiamini mtu anayekwambia kichwa chochote kinaingia fluti yoyote.

Kinapokaa vizuri unajua. Kinaingia kwa kuzungusha kidogo, bila nguvu, unahisi kama kinapita kwenye mafuta wakati hakuna mafuta. Ukiinua fluti kwa mwili huku umekilegezea mkono, hakidondoki. Ukipuliza, hakijizungushi.

Kikilegea, kinavuja, na kinaua noti za chini kwanza. Kipimo changu cha haraka ni ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Raundi moja kwenye ncha, ivute ilale bapa, chomeka, pulizia D ya chini. Ikiwa sauti imejaa ghafla, umeshapata jibu: palikuwa panavuja. Ila tepu ni ya kupimia, ni ya wiki moja, ni ya kumaliza ibada ya Jumapili. Usiishi nayo miaka. Inajikunja, inafanya kichwa kikae upande, na chini yake uchafu unakwaruza.

Suluhisho lenyewe ni kupanua ncha kutoka ndani kwa kifaa chenye magurudumu madogo, au kama imekuwa nene, kuipunguza kwa pete za chuma ngumu zinazoibana taratibu. Ni ncha ya KICHWA inayofanyiwa hivyo. Mwili hauguswi. Mwili ukishauharibu umeharibu fluti, na kichwa cha zamani hakirudi tena.

Nililetewa fluti ya shule moja, kichwa kipya kilikuwa kigumu kuingia, mtu akachukua msasa akasugua ndani ya soketi. Kichwa kiliingia. Mwezi wa pili vyote viwili, kipya na cha zamani, vilikuwa vinalegea, na soketi si duara tena, ni yai. Mtoto aliyekuwa anaipuliza alikuwa ananitazama kama daktari. Nilimtafutia namna ya kuisaidia, lakini haikurudi ilivyokuwa.

Na jambo lingine. Watu wanapeleka kwa sonara, kwa kuwa sonara anajua fedha. Sonara wengi wana mikono mizuri kuliko yangu. Lakini kile chuma chake cha kupanulia pete kimechongoka. Ukikiingiza kwenye ncha ya fluti kitapanua mdomo tu, nyuma yake pabaki palivyo. Unapata ncha kama tarumbeta, inashika milimita mbili za mwanzo na kuvuja kwingine kote.

#7 Alto_wa_Jumapili

FundiPedi, je nipake vaselini? Mwenzangu wa klarineti anapaka mafuta kwenye maungio yake.

#8 FundiPedi

Hapana dada. Klarineti ina gome la koki kwenye maungio, koki inataka mafuta. Fluti ni chuma kwa chuma. Mafuta yanashika vumbi, vumbi linakuwa msasa. Futa ncha na ndani ya soketi kwa kitambaa kikavu cha pamba kila unapoichomoa, basi. Na unapochomeka usishike bamba la mdomo ukalifanya mpini, linalegeza kulehemu kwake.

#9 Mama_Wawili

Samahani kwa kuingilia mjadala wa wataalamu. Binti yangu ana miaka saba, anaipenda fluti kuliko chakula, lakini mkono wake wa kulia haufiki vitufe vya chini, shingo inapinda. Mwalimu ametaja kichwa kilichokunjwa. Hiki kinafanya sauti iwe mbaya? Nimnunulie au asubiri akue?

#10 Sauti_ya_Mto

Mama, mnunulie ukipata. Kichwa kilichokunjwa kama herufi U kinaurudisha mwili karibu naye, bomba lina urefu ule ule wa hewa. Sauti hutofautiana kidogo, lakini mtoto anayecheza akiwa amenyooka atakuwa mbele ya aliyepinda shingo miaka mitatu. Fluti nyingi za watoto zinauzwa na vichwa vyote viwili ndani ya sanduku moja, cha kukunja na cha kunyooka, vyote vimelingana na soketi. Hivyo tafuta iliyo na pea yake badala ya kununua kilichokunjwa peke yake, utajiepusha na yale FundiPedi ameeleza. Na hakikisha anakitazamisha vizuri, maana hicho kinaelemea na kupenda kujizungusha kwa chini.

#11 NaiUnguja

Assalamu alaykum. Mimi ni mtu wa nai, ile filimbi ya mwanzi, kwenye taarab nai ndiyo pumzi ya bendi, kutoka enzi za kikundi cha Ikhwani Safaa, tangu 1905 huko. Nai haina kichwa cha kubadilisha, mwanzi ndio huo, ukitaka sauti nyingine unachukua nai nyingine. Ninapokaa na mpigaji fluti namwona anazungusha kichwa kidogo ndani, kidogo nje, anatafuta zile sauti zilizo baina ya noti, na baadhi wanazipata vizuri mno mashallah. Swali langu kwa mleta uzi: katika vichwa vyako vitatu, kipi kinakubali kuinama hivyo bila sauti kupasuka?

#12 MpulizaPwani

Waalaykum salaam sheikh. Swali zuri, na kweli nimelijaribu. Cha tatu, cha rafiki yangu. Ukingo wake umelainishwa kwa juu, ukikigeuza ndani noti inashuka na bado inabaki na mwili. Cha kwanza kinashuka kidogo tu kisha kinabaki upepo. Cha fedha kina kiburi, kinakataa.

Sasa nieleze jaribio lenyewe, maana nimelifanya wiki hii mzima mzima.

Kwanza kuchomeka. Nilipima ncha zote kwa venia (kifaa cha kupimia unene). Cha kwanza bila shaka ni chake. Cha rafiki kilikuwa chembamba kwa sehemu ya kumi ya milimita, nikakipa raundi moja ya tepu, kikakaa. Cha fedha kiligoma. Kiliingia nusu kikasimama. Nikakumbuka ule msasa wa FundiPedi (mwenyewe aliwahi kunisimulia nje ya huu uzi), nikakitoa taratibu, nikakifuta, nikaona mstari mweusi wa uchafu mgumu kuzunguka ncha. Nilitumia kitambaa na maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nikakausha. Kikaingia, bado kwa kubana lakini kwa amani. Uchafu wa mtu mwingine ulikuwa unataka kunigharimu soketi yangu.

Kisha nilivilaza viwili viwili juu ya khanga, matundu ya kupulizia yakiwa sambamba, nikatazama ncha zinaishia wapi. Hii fanyeni wote, haina gharama. Cha fedha kilikuwa kifupi kwa karibu milimita 4. Maana yake nikikichomeka mpaka mwisho fluti nzima iko juu, nami nilazimike kukivuta nje. Na kukivuta kuna gharama yake. Noti za mkono wa kushoto, C, B, A, bomba lake ni fupi, kwa hiyo zile milimita unazoziongeza zinaziumiza zaidi kuliko zinavyoiumiza D ya chini ambayo bomba lake ni refu. Ukivuta sana, noti za juu ya mwili zinashuka na za chini zinabaki, fluti inakuwa na lafudhi mbili. Isitoshe, ncha ikiwa fupi, ndani ya soketi panabaki pengo pana, na hapo hewa inajikwaa.

Kisha nikapuliza kichwa peke yake bila mwili. Kikiwa wazi kinatoa noti karibu na A ya juu ya mistari, ukiziba mwisho kwa kiganja inashuka karibu oktava. Nilikaa na kila kimoja dakika kumi, kwa sauti ndogo kadiri ninavyoweza. Kichwa kizuri kinakuambia kwenye sauti ndogo. Kupuliza kwa nguvu kila kichwa kinajua.

Halafu wasikilizaji. Nilitundika khanga mlangoni, wanakwaya wanne wakakaa sebuleni, mimi nikasimama chumbani. Vikaratasi vitatu kwenye kikombe, ninachovuta ndicho nachomeka. Kila mara nilipuliza vitu vile vile: D ya chini ndefu, oktava zake mbili za juu, skeli ya C shapu kwa ulimi, na mistari minne ya wimbo. Mizunguko sita. Kurekodi kwa simu nilijaribu nikaacha, simu inapandisha na kushusha sauti yenyewe, tofauti ya ukubwa wa sauti inapotea yote.

Wote wanne walikisikia cha tatu kuwa tofauti, wakasema kimejaa chini, mmoja akasema "kama kuna mtu mwingine chumbani". Cha kwanza na cha fedha walivichanganya karibu kila mzunguko. Nilipowauliza kipi ni fedha tupu, wawili walichagua cha tatu, mmoja cha kwanza, mmoja alikataa kubahatisha. Hakuna aliyekitaja chenyewe.

Kwenye tyuna (kifaa kinachoonyesha kama noti iko juu au chini) mambo yakawa hivi. Cha kwanza, baada ya kizibo kipya, kimetulia kuliko vyote, C shapu ya katikati inapanda kidogo kama ilivyo desturi yake. Cha tatu kinafanana nacho. Cha fedha, hata nilipokivuta, C shapu ilikuwa juu senti 25 (senti 100 ni nusu noti), na noti nyingine zimetawanyika. Si kichwa kibaya. Hakikutengenezwa kwa mwili huu.

Sitaficha, iliniuma. Nilikipenda kwa macho. Kina michoro midogo ya maua kwenye bamba, mtu alikaa akaichonga kwa mkono.

#13 Sauti_ya_Mto

Kazi safi kabisa. Kabla hujahukumu upatano wa hicho cha fedha, chumba kilikuwa na joto gani? Mwendo wa sauti hewani huongezeka kama mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ukitoka nyuzi 20 za asubuhi yetu Nairobi ukaenda 30 za Dar, hesabu inakupa karibu senti 30 juu. Kwa fluti haifiki zote kwa sababu pumzi tayari inaipasha hewa ya ndani, lakini inaonekana. Wanafunzi wangu wakija huko Pwani hulalamika fluti imeharibika njiani.

Ongeza kwamba fluti nyingi hutengenezwa kwa A ya mitetemo 442 kwa sekunde na kinanda cha kanisa kiko 440. Hizo ni senti 8 nyingine.

#14 MpulizaPwani

Nyuzi 31 mkuu, feni imezimwa ili isipulize kwenye tundu. Ndiyo, vyote vitatu vilikuwa juu, na vyote nilivivuta mpaka A ikalingana na kinanda kabla ya kuandika chochote. Cha kwanza nilikivuta milimita 6. Cha fedha ilinibidi karibu 11, na nilipoziangalia noti nyingine zikawa zimetawanyika. Labda mahali pa baridi kingefanya vizuri zaidi, hapo umenipa la kufikiri. Kichwa kifupi kwenye fluti ya Pwani ni mzigo mara mbili: joto linakupandisha, nacho kinakupandisha.

#15 Alto_wa_Jumapili

Nimerudi na majibu jamani.

Kijiti nimepima. Kizibo changu kilikuwa milimita 13, yaani kimesogea mbele, kinyume na cha mleta uzi. Ndiyo maana noti zangu za juu zilikuwa zinanichoma masikio na mwalimu wa kwaya ananikunjia uso. Nilikirudisha kwa kukaza kofia kidogo kidogo, robo mzunguko, napima, robo, napima. Kimefika 17 na kimeshika, hakitelezi. Nimenyonya na kiganja, hakivuji.

Juu kumetulia! Leo nimepuliza E ya juu mara nane mfululizo imetoka.

Chini bado. Nikafanya ya tepu ya FundiPedi, raundi moja. D ikajaa. Raundi mbili kikakataa kuingia. Kwa hiyo kichwa changu kinalegea kwenye soketi, na huenda si chake tangu mwanzo, maana nikitazama vizuri mng'ao wa kichwa una njano kidogo na wa mwili una weupe. Nimeishi na hiyo fluti miaka minne sijawahi kuona.

FundiPedi naweza kukuletea?

#16 FundiPedi

Lete dada. Toa tepu kabla ya kuja, nataka kuona ncha ilivyo. Usiisugue kwa dawa ya kung'arishia fedha, utaninyima nafasi ya kuona inagusa wapi: pale panapogusa huwa pamesuguka panang'aa, pasipogusa pana weusi. Ikiwa mng'ao uko ukanda mmoja tu, nitajua imekuwa yai na si nyembamba, na hiyo ni kazi nyingine.

#17 MpulizaPwani

Dada Alto, nami naja na kile cha fedha siku hiyo. Nitapenda kukiona kwenye mwili wako. Ncha yake ni nene kuliko ya mwili wangu inavyotaka, na wako unalegea, huenda vikakutana. Tutalaza kichwa chako na hiki sambamba kwanza tuone urefu. Vikilingana urefu tutachomeka, FundiPedi akiwa pale, si sisi wenyewe. Kikikubali na tyuna ikikubali, kichukue. Kimekaa kwenye khanga yangu muda wa kutosha na hakina mwili wa kukaa nao.

Cha rafiki yangu narudisha keshokutwa. Nimeshamwomba FundiPedi anipimie kimo cha shingo yake na upana wa tundu kabla hakijaondoka, niweke kwenye daftari. Nikipata vipimo nitavileta hapa.

#18 Mama_Wawili

Nimepata fluti yenye vichwa viwili kwenye sanduku. Mtoto amelala nayo pembeni ya mto. Asanteni sana.

#19 NaiUnguja

Mleta uzi, vipimo vya hicho cha tatu usisahau. Kuna kijana wa fluti hapa Mji Mkongwe anavisubiri nami.